Shamba Nililolishusha Bondeni

Wazo la kulishusha shamba lilikuwa langu, silikani. Mvua zilikuwa zimetunyima misimu miwili, na kule juu, kwenye mchanga nyuma ya mji wa Nchelenge, mihogo ya mama mkwe wangu ilitoka myembamba kama vidole. Mimi nililelewa mjini, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, nikaja kwa ndoa na mdomo mrefu. Nikamwambia, "Mama, kule chini pembeni ya ziwa udongo haukauke hata siku moja. Tuende tupande kule."

Alisita wiki nzima. Kisha tukakata miti yote ya mihogo kule juu, tukaichomeka bondeni, na mimi nikapewa mistari yangu mwenyewe ya kulima, kama mke wa nyumba. Jirani yetu mjane alikataa kushuka. Nikamcheka mbele ya watu: "Baki na muchanga yako, utakula muchanga!"

Mwaka wa kwanza mihogo ilinenepa, nami nikatembea kifua mbele. Mwaka wa pili mvua ikaja, ikakataa kuondoka. Wifi yangu aliyeolewa kusini akatuma barua: mahindi yao yamekauka yakingali mafupi, tuwatumie mihogo. Nchi moja, miezi ile ile! Barua hiyo niliisoma nimesimama shambani, maji yakinifika magotini. Nilicheka, halafu nikalia.

Kwetu ghala la mihogo ni udongo wenyewe. Unaiacha chini, unachimba ukiwa na njaa. Sasa ghala lilikuwa linanuka. Ukiiacha inaoza, ukiing'oa, lazima uiloweke siku nne itoke sumu, kisha uianike, na jua liko wapi? Juu ya mikeka ilifanya ukungu wa kijani. Tukaikausha juu ya moto jikoni mpaka macho yakavimba, na bado unga wake ulikuwa mchungu na mweusi. Maji yalizidi unga kweli kweli, si methali tena. Na miti yenyewe, ambayo ndiyo mbegu, ikafia ndani ya maji.

Msimu uliofuata vita vilikuwa vimewaka ng'ambo, kwa hiyo kwa wazazi wangu sikuweza kurudi. Nyumbani mama mkwe aliongea nami habari za kazi tu: leta kuni, chota maji. Mume wangu alikuwa mbali, Puta, akivua samaki, na hata angekuwapo, angemwambia nini mamaye? Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mimi nilikuja, mwenyeji akalala njaa.

Bila miti hatukuwa na mwaka wa kesho. Na miti hainunuliwi, huombwa. Aliyekuwa nayo ya kutosha ni yule mjane wa mchangani.

Tukakwea kwake wawili, mama mkwe mbele.

"Karibuni, mama wa bonde," mjane akaniambia mimi. "Muchanga yangu ingali hapa. Unataka kuonja?"

Nilistahili. Akacheka kidogo, akaingia nyuma ya nyumba, akatoka na mafungu mawili makubwa ya miti, akaniwekea mikononi.

"Aksanti sana, mama," nikasema.

Mjane akaziba mdomo. Mama yangu wee! Hapa miti ya mihogo haishukuriwi. Ukiishukuru umeimaliza, haichipui. Nilijua. Tangu niolewe nilikuwa najua. Lakini mtoto wa mjini, hata kwa kikombe cha maji anasema aksanti, na ulimi ulinitangulia. Mjane akanyoosha mikono kuchukua mafungu yake.

"Acha," mama mkwe akasema. "Huyu hakupewa. Nimepewa miye. Yeye anabeba tu."

Mjane akafikiri, akakubali. Nilitaka kumkumbatia mama mkwe wangu, ametuokoa! Tukaondoka, mzigo kichwani kwangu, naye akaenda moja kwa moja kwenye shamba lake la zamani, akaanza kupima matuta kwa hatua, kutoka mwembe mpaka njia. Yote.

"Mama," nikauliza, "na mistari yangu? Ile ulinipa?"

Hakugeuka.

"Mistari yako iko chini ya mayi," akasema. "Leta miti."

Nikampelekea.