Leso Iliyotubeba Sote

Mama aliniambia nichukue vitu vyangu vya utotoni kwenye sanduku la bati, na mimi, kwa uroho wangu, nikachukua na visivyokuwa vyangu. Nilikuwa nashona picha kubwa ya kitambaa kuonyesha nilivyokua: mfuko wa sare ya shule, kipande cha ndara, utepe wa nywele. Katikati nilitaka mgongo wa mama. Ndipo nikaiona leso kuukuu, imepauka kwenye mapindo, nikajiambia hii ndiyo mbeleko yangu. Nikaikata. Sikuuliza, maana kuuliza kungenichelewesha.

Picha ilitundikwa kwenye ukumbi mmoja Malindi, watu wakaisifu, nami nikavimba kichwa. Mama akaja kutoka Tezo na mdogo wangu, ambaye siku zake za kujifungua zilikuwa zimekaribia. Mama alisimama mbele ya ile picha, akaugusa ule mgongo kwa kidole.

"Hii iliwabeba nyote," alisema. "Nilikuwa nimemwekea huyu ajaye."

Kwetu mbeleko haiwi ya mtoto mmoja. Wa kwanza humwachia wa pili, mpaka ifike kwa wajukuu. Hilo nililijua tangu utotoni, wala siwezi kusingizia ugeni. Mdogo wangu alishika tumbo lake akatazama pembeni. Kwa haya nilizoona siku ile, afadhali angenitukana.

Maonyesho yalipokwisha niliifumua picha, nikaviunga vile vipande, nikaipeleka leso Tezo. Mama alishika ncha moja, akanipa ya pili, akaniambia nivute. Mshono ukafumuka pale pale. Nilitaraji aseme maji yakimwagika hayazoleki, lakini hakusema. Aliikunja leso, akairudisha sandukuni.

"Sasa mtoto atabebwa na nini, mama?" nilimuuliza.

"Utambeba wewe," alisema, "kwa mikono."

Nilidhani ananitania. Mtoto amezaliwa, na leso mpya walizoleta majirani zimejaa tele, zimekunjwa vile vile zilivyotoka dukani, hakuna aliyezigusa. Mtoto akilia, mama na mdogo wangu hugeuka wakanitazama. Mimi humchukua nikazunguka naye uani mpaka mikono ikafa ganzi, na sithubutu kusema nimechoka.