Mjusi Niliyemficha Jua

Juzi nilimkuta mjukuu wangu wa Ukunda amefuga mjusi wa kigeni mwenye ndevu za miiba, ndani ya sanduku la kioo, taa inamwakia mchana kweupe.

"Babu, bila joto hufa," akanifundisha. Skuli sikukaa, lakini hilo nililijua kabla babake hajazaliwa.

Utotoni Kinondo, chuoni tulikosoma Kurani tuliambiwa tuue mijusi, kwa kuwa mjusi aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahim. Mmoja nikamwonea huruma. Nikamficha uvunguni, kikapuni, juu ya kitambaa kilichorowa, nikiamini baridi itamsahaulisha moto, atubu. Alasiri moja, chumba kikinuka mafuta ya nazi, nikamkuta mweusi, hatikisiki.

"Huyu ndiye swahibu wako? Mbona kama mayiti?" bibi akauliza. Akamtwaa, akamlaza juani, juu ya jiwe la uani.

"Bibi, unamchoma!"

"Nyamaza wee! Mwache aote jua."

Nikalia. Mjusi akafumbua macho, akainua kichwa. Nikamnyooshea mkono. Akaruka ukutani, akapotea moja kwa moja. Bibi akacheka kwa furaha. Mimi nikalia zaidi ya pale nilipodhani amekufa.