Tyubu Mbili za Chumba cha Watoto

Nilipopunguzwa kazi ya ubwana shamba, mke wangu alikuwa ameshateremka Lupingu, kwao ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na watoto wetu wawili. Alikwenda kumuuguza mama yake, na pia kupumzisha kifua, maana baridi ya Njombe ilimtesa; akianza kukohoa Juni, hakuacha mpaka Agosti. Aliniambia angerudi baridi ikipita. Baridi ikapita, lakini mama yake alikuwa bado kitandani. Mvua zikaanza, barabara ya Ludewa ikaharibika, watoto wakaandikishwa shule ya kule ziwani. Baridi ya pili ilipoingia nilikuwa nimeacha kuuliza atarudi lini. Salamu zilikuja kwa midomo ya madereva wa malori: hawajambo, wamekua, wanakusalimu.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka ambayo tuliyazoea yakiwa na rafu tupu yalijaa redio, sufuria, vitambaa na mbegu za mboga katika pakiti zenye picha za rangi. Wakati huohuo ofisi zilikuwa zinapunguza watu. Nilipewa barua, nikakabidhi pikipiki na buti, nikarudi nyumbani kwangu Yakobi. Siku za kwanza niliamka saa kumi na moja kama kawaida, nikavaa, kisha nikakaa sebuleni nikiwa nimevaa.

Kitu kilichoninyanyua ni nyanya. Wakulima wa kwetu walikuwa hawasii mbegu Juni wala Julai kwa sababu ya sakitu, ile baridi kali inayoganda juu ya majani alfajiri na kuyaunguza. Mtu ambaye angekuwa na miche iliyokomaa mwishoni mwa Agosti angewatangulia wote. Nilikuwa na nyumba, nilikuwa na umeme, nilikuwa na muda. Chumba kilichokuwa na nafasi ni kimoja tu, cha watoto. Nilifungua vitanda vyao viwili, nikazipanga mbao uani chini ya upenu na kuzifunika turubai. Kazi hiyo ilikwisha asubuhi moja. Nilijiambia kitanda ni mbao na misumari, kurudishwa ni nusu saa.

Nilisia mbegu kwenye makopo ya maziwa ya unga, nikaning'iniza balbu ya kawaida juu yake. Miche iliota vizuri, kisha ikaanza kurefuka kama nyuzi, myeupe, ikijipinda kwenda dirishani ambako hakukuwa na kitu isipokuwa ukungu. Iliyokuwa karibu na balbu ilibabuka. Ndani ya wiki mbili yote ilikuwa imelala. Nilijua kosa langu. Chuoni tulifundishwa kwamba jani halili kila mwanga. Balbu ile ilikuwa na joto jingi kuliko nuru. Nilihitaji taa za tyubu, zile ndefu za ofisini, na Njombe nilikuta za aina moja tu. Nikapanda lori la mbao kwenda Makambako.

Duka la vifaa vya umeme lilikuwa karibu na njia panda. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kiislamu aliyekuja kutoka Kondoa wakati reli inajengwa, akabaki. Alinikaribisha kiti kwanza, akaniuliza habari za Njombe na baridi yake, ndipo akaniuliza nyumba ina vyumba vingapi. Nilimwambia taa ni za chumba kimoja, na hakikai mtu. Akaniuliza basi nataka kuona nini humo.

"Mimi sitaki kuona, mzee," nilisema. "Nataka miche ya nyanya ndiyo ione."

Hakucheka. Alifikiri, akasema yeye miche haijui, anachojua ni taa, lakini tunaweza kutazama pamoja. Alitoa tyubu tatu za futi nne, akafunga mlango mmoja wa duka ili kiza kiingie, akaziwasha moja moja kwenye kifaa chake cha kujaribia. Ya kwanza ilikuwa na mwanga wa umanjano, kama jua la saa kumi na moja jioni. Ya pili ilikuwa nyeupe tu, ya darasani. Ya tatu ilikuwa na ubluu kidogo. Kwenye boksi waliandika kuwa ni mwanga wa mchana. Aliniambia niweke mkono chini ya kila moja. Chini ya ile ya kwanza mkono wangu ulionekana wa mtu mwenye afya. Chini ya ile ya tatu mishipa yote ilijitokeza, ngozi ikawa kama ya maiti.

"Hii hawanunui watu wa majumbani," alisema. "Wanasema inawatia huzuni."

Nilimweleza nilichokumbuka: ubluu huufanya mche uwe mfupi, mnene, wenye majani ya kijani; wekundu na umanjano huusaidia kukua na baadaye kuchanua. Nikataka moja ya kwanza na moja ya tatu, zikae pamoja. Aliridhika na hesabu hiyo kama vile miche ilikuwa yake. Alinichagulia choki mbili nzito, vile vyuma vya kuwashia tyubu, akasema zile nyepesi zimeingia nyingi siku hizi na zinalia kama nyuki, na mtu anayekaa peke yake atachoka nazo.

Sikuwa nimemwambia kwamba nakaa peke yangu.

Wakati tunangoja lori la kurudi, aliniletea chai dukani. Alisema familia yake iko Kondoa, na yeye huenda kila mwaka wakati wa Idi, na kila mara huona anafika kama mgeni. Alisema hayo huku akizifunga tyubu kwa magazeti. Mimi nilitaka kusema la kwangu, lakini dereva akapiga honi. Nilivua koti nikazizungushia zile tyubu, nikazisimamisha katikati ya magoti mpaka Njombe, huku upepo wa dirishani ukinipitia shati.

Nyumbani nilipaka chokaa kuta za chumba, nikabandika juu ya taa karatasi ya rangi ya fedha niliyoibandua ndani ya sanduku kuukuu la chai, ili nuru isipotee darini. Nilizining'iniza tyubu kwa kamba, kwanza juu mno. Miche mipya ilipoanza tena kujinyoosha nilizishusha mpaka zikabaki na shubiri moja tu juu ya majani, na kila majani yalipopanda nilipandisha kamba. Kinyausi, ugonjwa wa kuozesha shina la mche mchanga, kiliniulia makopo sita kabla sijaacha kumwagilia kupita kiasi. Iliyobaki ilisimama wima, shina nene kama kalamu. Nilianza kulia chakula humo, kwa sababu choki zilitoa joto kidogo na kwa sababu palikuwa na kitu kinachokua. Jirani yangu, mama mmoja wa kwaya ya Kilutheri, aliona dirisha linawaka kila jioni akaja na maziwa. "Kamwene," alisalimu mlangoni, akachungulia nyuma yangu. Alidhani mke wangu amerudi.

Alirudi kweli, mwezi wa Agosti, bila taarifa, peke yake. Mama yake alikuwa amepata nafuu. Nilifurahi mpaka nikasahau kumpokea mzigo. Nilimshika mkono nikampeleka moja kwa moja kuona miche, nikamweleza habari ya mwanga wa bluu na wa manjano, kamba, karatasi ya fedha. Alisimama chini ya tyubu akisikiliza. Nilipomaliza aliuliza vitanda viko wapi. Nikamwambia viko uani, vimefunikwa vizuri.

"Umevitoa, Baba," alisema.

"Vinarudishwa kwa nusu saa."

"Najua. Lakini umevitoa."

Hakupandisha sauti. Nilianza kueleza kwamba nilifanya kwa ajili yao, na nikiwa katikati ya maneno nikaona kwamba sina hakika. Alikaa siku tano. Alinifulia mashuka, akapika, akaenda kanisani kuwasalimu watu. Siku ya nne alianza kukohoa. Siku ya tano aliomba miche kumi na miwili ya kupanda kule ziwani, nikampangia kwenye kasha la mbao na kuifunga nyasi mbichi ili isivunjike njiani.

Miche yangu ilitoka wiki mbili kabla ya ya mtu yeyote. Watu wa Yakobi waliichukua yote, na masista wa Uwemba wakatuma mtu kuniagiza ya mwaka unaofuata. Jirani yule wa kwaya alisema sasa nimepata kazi isiyo na barua ya kusimamishwa.

Mwezi wa Oktoba dereva aliniletea barua kutoka Lupingu, mwandiko wa mke wangu. Nyanya zilikuwa zimestawi, watoto wanazisimamia, lakini zinaota matawi mengi kuliko maua, afanyeje? Niliisoma barua hiyo mara tatu. Nikakaa nikamwandikia kurasa mbili: machipukizi ya kuondoa, ya kuacha, namna ya kufunga mche kwenye mti bila kuukaba. Swali langu lile nililoacha kuuliza, la atarudi lini, nililianza mara mbili chini ya ukurasa wa pili. Mara zote mbili nililifuta, nikaandika tu kwamba asimwagilie wakati wa jua kali.