Ubeti Uliopisha Majina

Mwimbaji aliyekuwa kimya kwa miaka sita alikuja kwenye studio yangu katika mtaa wa Obunga na wimbo mmoja tu, nao ulikuwa mzuri. Naanza na hilo kwa sababu sina jingine jema la kusema juu yake. Kazi ya sauti nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na redio mbovu, na sirekodi kitu kabla ya kukisikiliza mara tatu. Ubeti wa pili niliusikiliza mara tano. Ulimhusu mama yake, aliyemlea kwa kukaanga na kuuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayouzwa na viwanda vikishatoa minofu. Aliimba jinsi moshi ulivyomla macho. Tena alikuwa ameshamwambia mama huyo kwamba wimbo ni wake.

Siku ya pili alikuja na orodha. Kwetu mwimbaji humtaja mtu katikati ya muziki, naye mtajwa husimama akajisifu. Ni desturi ya zamani, na zamani ilikuwa na kiasi. Orodha hii ilikuwa ya wenye majumba Milimani ambao, aliamini, wangemrudisha redioni, na wa kwanza wao alikuwa mheshimiwa mbunge.

"Fundi, toa ubeti wa pili. Weka mheshimiwa hapo."

"Huo ni wa mama yako."

"Mama hawezi kukasirika. Mheshimiwa anaweza."

"Basi mweke mwishoni, gitaa likicheza."

"Mwishoni watu wameenda msalani, mzee."

Nikautoa. Majina kumi na moja yakaingia. Kilichobaki kilisikika kama karani wa zahanati akiita wagonjwa.

Uzinduzi ulifanyika Jumapili mchana, kwenye bustani ya hoteli, nami nikaucheza wimbo kutoka kwenye mitambo yangu. Mama aliketi mstari wa mbele na kitambaa chake cheupe cha kanisa, shingo ameinyoosha. Kila jina lilipotajwa mwenyewe alisimama, akapunga mkono, akaketi, akarudia kuku wake. Hakuna aliyesikiliza jina la mwenzake. Jina la mheshimiwa lilipita na kiti chake kikiwa kitupu. Wimbo ukaisha.

Mama akasogea kwenye mitambo yangu. "Baba, wimbo umekwisha?"

"Umekwisha, Mama."

Akamgeukia mwanawe. "Hao wote ndio waliokunyonyesha?"

Meza za karibu zikacheka. Mwimbaji akacheka kuwazidi, kisha akasema kwenye maikrofoni, "Mama, wewe nitakuweka kwa albamu."

Ubeti wa mama ulikuwa kwenye kompyuta iliyokuwa mbele yangu, mzima, haujafutwa. Ningeweza kuucheza. Wakati huo mheshimiwa akaingia langoni na watu wake, akaambiwa kwamba ametajwa tayari, akataka wimbo urudiwe. Mwimbaji alinipungia mkono haraka, kama anayefukuza nzi.

Nikaurudia vile vile, na majina yote kumi na moja. Mheshimiwa alipoinuka kujisifu, mama alikuwa ameshatoka, na mwanawe hakuwa ameona.