Aliyevuta Waya Darini

Haya sikuhadithiwa. Yalinikuta mwenyewe, saa saba mchana, nikiwa na akili zangu timamu, kwenye chuo kimoja njia ya kutoka Kibiti kwenda Ruaruke. Chuo chenyewe sikitaji. Wanafunzi bado wanasoma pale.

Mimi ni fundi wa mitandao. Tulipewa kazi ya kuweka waifai chuo kizima, kuanzia madarasa na mabweni mpaka jikoni. Watu hudhani ni kufunga vifaa ukutani, basi. Wala. Wiki nzima ya kwanza mimi na mwenzangu Sharifa tulizunguka na kompyuta mkononi tukipima mawimbi chumba kwa chumba na kupaka rangi kwenye ramani: kijani panaposhika, nyekundu panapokufa. Nyekundu kubwa ilikuwa jengo la zamani la ofisi. Kuta zake nene hazipitishi kitu. Ilibidi tupitishe waya darini, kila chumba kiwe na kifaa chake.

Mhudumu wa jengo hilo alikuwa Bi Tatu, mama wa makamo, mwenyeji wa Mbuchi, mtu wa maneno machache. Alipoona tunaleta ngazi aliuliza kama ni lazima tupande. Nikamjibu ni lazima. Akarudi kwenye fagio lake.

Sharifa alibaki chini, chumba cha mwisho, kwenye tundu tulilotoboa, ili apokee waya. Mimi nikapanda. Joto la bati, mavi ya popo yamelala unene wa godoro, na harufu inayokukaba koo mpaka machozi yanakutoka. Nikawa natambaa juu ya mbao, nasukuma waya mbele yangu. Mara ukaanza kuvutwa. Nikafurahi, nikijua Sharifa ameudaka. Ukavutwa, ukavutwa, kisha simu ikaita mfukoni. Ni Sharifa, ananiuliza mbona waya haufiki.

Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Mimi niligeuza tochi ya kichwani.

Alikuwa mwanamke. Amejikunyata pembeni, nywele zimegandana na mavi ya popo, ngozi imepauka kama kitu kilicholowekwa siku nyingi. Anatafuna waya wangu, ute unamchuruzika mpaka kifuani. Mbele yake kuna kisufuria cha pumba za mpunga zilizochacha, funza wanatembea juu yake. Nilikuwa nikisikia habari za misukule, kwamba mtu anazikwa kumbe amechukuliwa, anafichwa darini analishwa pumba. Nilikuwa nikicheka.

Akaniona. Akachota pumba, akaninyooshea, vile mtu anavyomkaribisha mgeni chakula. Mkono wake ukanigusa midomo. Ulikuwa wa baridi na unateleza.

Nilimpiga teke. Sitakuficha. Teke la kifua, kwa buti. Alitoa sauti ya koo tupu, kama mtu asiye na ulimi, akarudi gizani. Nami nikarudi kinyumenyume mpaka kwenye ngazi na kutapikia hapohapo.

Nilipoweza kusema nikamweleza Sharifa. Bi Tatu alikuwa mlangoni na fagio lake, akasikia yote. Alingoja nimalize.

"Mkono wake wa kushoto, baba, una kidole cha sita?"

Nikajaribu kuukumbuka mkono ule mdomoni mwangu. Ndiyo, kulikuwa na kidole kidogo kando ya kile cha mwisho. Nikamwambia.

Alikaa chini palepale. Akatueleza kwamba dada yake, Zaituni, alifariki ghafla huko Mbwera msimu wa kuvuna mpunga, akazikwa, na yeye mwenyewe alikuwepo. Lakini tangu aanze kazi jengo lile alikuwa akisikia kikohozi cha dada yake kule juu, na kila akitaka kupanda, miguu inamwishia nguvu.

"Ulimshika mkono?" akaniuliza.

"Hapana, mama. Nilimpiga teke."

Hakunilaumu. Alivua ndala, akapanda mwenyewe. Tulimsikia akitambaa juu ya vichwa vyetu, chumba hadi chumba, akiita Zaituni, Zaituni. Aliposhuka alikuwa na kile kisufuria tu. Mate yalikuwa hayajakauka ukingoni. Nani alikuwa akipeleka pumba zile? Mpaka leo hajajulikana, na mtu nisiyemwona kwa macho simtaji.

Kazi tuliimaliza, ramani yote ikawa kijani. Jengo lile waya tuliupitishia nje ya ukuta. Bi Tatu aliendelea kunisalimia vizuri kila asubuhi, na niamini, hilo liliniuma kuliko matusi.

Siku hizi siwezi kulishwa na mtu. Mke wangu akininyooshea tonge nionje, natema. Lakini kichefuchefu kibaya zaidi hunishika ninapoukumbuka mguu wangu.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayepanda kwenye dari za watu. Ukimkuta mtu kule, hata anuke vipi, mshike mkono umshushe kwanza. Kutapika utatapika baadaye. Huenda chini kuna ndugu yake anamngoja.