Punda Aliyempisha Babu

Juzi niliingia duka la pembejeo hapa Mbeya kununua mbolea ya bustani, nikapita karibu na marundo ya kamba za katani zilizonyeshewa wakati wa kushushwa. Harufu ile ikanisimamisha. Ni harufu ya ubichi na ukungu kidogo, na kwangu mimi huwa na jasho la punda ndani yake hata kama punda hayupo. Kijana wa duka akaniuliza, "Mama, unaumwa?" Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimekasirika, na aliyenikasirisha alikufa zamani na tulimzika kwa heshima zote.

Nilikuwa na miaka kumi, labda kumi na mmoja. Tuliishi Ikolo, Kyela, katika uwanja wa nyumba za babu mzaa baba. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Lori la ushirika lililokuwa likija kuchukua mpunga kijijini lilikuwa limeacha kuja, tukaambiwa kila mtu sasa auze anakotaka, kwa anayemtaka. Walilisema jambo hilo kana kwamba wametupa zawadi. Kwetu lilimaanisha mama abebe madebe mawili ya mpunga kichwani hadi Kyela mjini, mwendo wa saa mbili kwenye matope, kisha arudi kubeba mengine.

Baba alikuwa utingo wa lori la Tunduma na alikuja nyumbani mara moja kwa mwezi. Safari moja alifika, akamwita mama aliyekuwa akipepeta mchele, na mama akageuka mwili mzima kwa sababu shingo haikugeuka.  Kesho yake baba alikwenda mjini kwa Mzee Shomari, mwenye duka ambaye wazazi wake walitoka Kilwa, na ambaye alikuwa na punda watatu wa kumbebea bidhaa. Alirudi na mmoja wao, dume la kijivu lenye sikio moja lililochanika. Tukamwita Ruksa. Ikolo nzima ilikuja kumtazama, maana kwetu tulijua ng'ombe tu.

Sasa lazima niwaeleze habari za babu. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkimya, na alishika desturi ya zamani ya Kinyakyusa kwa mikono miwili. Kwa desturi hiyo mwanamke aliyeolewa haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Akisikia anakuja, anatoka njiani, anampa mgongo, anainamisha kichwa na kunyamaza hadi apite. Majirani wengi walikuwa wameshailegeza. Wapo wakwe waliokuwa wakipeana mikono mlangoni mwa kanisa lilelile la babu. Yeye hakulegeza hata uzi. Alikuwa na kikohozi chake, kikavu, cha mara mbili, alichokitoa akiwa bado mbali ili mama apate nafasi ya kukimbilia migombani. Huo ndio aliouita upole wake.

Maneno kati yao yalipita kwangu. Babu akiwa ameketi na sahani yake husema, "Subilaga, mwambie mama yako chumvi imezidi." Mama yuko nyuma ya ukuta wa mianzi, hatua tatu, amesikia kila kitu. Hata hivyo mimi ilibidi niinuke, nizunguke jiko, nimwambie chumvi imezidi. Naye alinijibu kwa uso mkavu kabisa, "Ndaga, mwanangu, umefanya vizuri kuniambia," na mabega yake yakitikisika kwa kicheko.

Ruksa alipofika, aliyepewa kazi ya kumfundisha njia alikuwa baba mdogo Ambakisye, kwa sababu yeye ni mwanaume. Alimvuta kwa kamba, punda akasimama. Alimchapa, punda akasimama zaidi. Siku ya nne Ambakisye alipigwa teke la paja, akatangaza kwamba mnyama huyu ni mgonjwa wa akili, akaenda kulala. Mama aliyatazama hayo yote kutoka jikoni. Jioni alinishika mkono, tukaenda mjini kwa Mzee Shomari.

Mzee Shomari alitupeleka nyuma ya duka, akamfungua mmoja wa punda wake. "Usimvute, mwanangu," alimwambia mama. "Ukivuta, naye anavuta, na yeye ana miguu minne. Mwombe kidogo tu kwa kamba, kisha ngoja. Akisogeza ukwato hata mmoja, legeza palepale. Kule kulegeza ndiko kunamwambia amepatia." Alituonyesha mahali pa kusimama, karibu na bega, siyo mbele wala nyuma. Alituonyesha jinsi ya kumgusa shingo kabla ya kumgusa mguu. Mama alikuwa na bahati ya kusahihishwa mara moja tu kwa kila jambo. Mimi nilisahihishwa hadi mzee akaomba maji.

Tukaanza. Kila alfajiri kabla ya shule na kila jioni, tulikuwa kwenye kile kijia kilichopita kati ya migomba na mikakao, mama, mimi na Ruksa. Hakukuwa na mzigo, hakukuwa na safari. Hatua tatu, simama. Hatua mbili nyuma, simama. Geuka. Wiki ya kwanza nilidhani tunapoteza muda, na nilisema hivyo. Nilikuwa mtoto wa hasira, kama mnavyoniona nilivyo hadi leo, na punda yule aliisikia hasira yangu kabla sijaijua mwenyewe. Nikikaza tu mabega, masikio yake yalilala nyuma na miguu yake ikaota mizizi. Mama aliichukua kamba mkononi mwangu bila kunigombeza. "Gwe, nenda kanywe maji," alisema. "Ukipoa, njoo."

Nilikunywa maji mengi sana mwezi ule. Lakini nilijifunza kushusha mabega. Nilijifunza kusema jambo mara moja na kungoja, badala ya kulisema mara tano kwa sauti inayopanda. Nilijifunza kwamba ukiogopa, unaweza kupumua polepole hadi miguu yako iamini kwamba huogopi. Shuleni mwalimu wa hesabu, aliyetutetemesha wote, aliniita ubaoni, nikasimama pale nikapumua kama ninavyopumua kando ya Ruksa, na nikapata. Hakuna kitabu kilichonifundisha hilo. Wiki ya tano Ruksa alivuka kidaraja cha magogo mawili kule kijitoni na kamba ikining'inia. Mama alipiga kigelegele kidogo, cha chini, cha sisi watatu.

Kijia kile kile ndicho babu alichopita kwenda kuwaona ng'ombe wake, asubuhi na jioni. Kikohozi kikisikika, mama alimwingiza Ruksa migombani, wote wawili wakampa babu mgongo, mama akainama, kamba ikalegea, kimya. Babu alipita. Kisha mazoezi yaliendelea. Siku moja kikohozi kilisikika kwa mbali na Ruksa akageuka kabla mama hajageuka. Aliingia majanini mwenyewe, akainamisha kichwa. Tulicheka hadi tukazibana midomo kwa viganja. "Ana adabu kumshinda baba yako mdogo," mama alininong'oneza.

Siku ya kwanza ya Ruksa kwenda sokoni ikafika. Mama aliamka mapema, akamtandika Ruksa shogi, yale makapu mawili ya ukindu aliyotupa Mzee Shomari, akajaza madebe matatu ya mpunga kila upande. Ulikuwa mpunga wake, wa jaruba lake. Alikuwa amevaa khanga yake mpya. Ndipo Ambakisye akaja na ujumbe kwamba babu atamwongoza punda mwenyewe hadi mjini, kwa kuwa punda wa uwanja huu sharti aongozwe na mwenye uwanja. Mama asimame mbali, afuate baadaye.

Wiki zote zile babu hakuwahi kumgusa mnyama yule hata kwa kidole. Alingoja hadi kazi iishe. Mama aliifunga kamba kwenye nguzo vizuri kabisa, akaenda nyuma ya jiko, akavua khanga mpya akavaa ya zamani. Nilimwona. Sijawahi kumsamehe mtu yeyote kwa khanga ile.

Niliambiwa nimlete Ruksa hadi kijiani. Majirani walikuwa wamejipanga kutazama, na Mama Tupoki wa nyumba ya pili alikuwa mbele, kama kawaida yake. Babu akatokea, koti limepigwa pasi, buti zimesafishwa. Na kwa kuwa ni mazoea ya miaka mingi, akakohoa mara mbili.

Ruksa akatoka njiani. Aliingia migombani na mzigo wake, akampa babu mgongo, akainamisha kichwa.

Babu alishika kamba akavuta. Punda akasimama. Babu akamzunguka waonane uso kwa uso, na punda akageuka tena, taratibu, kwa heshima kubwa. Babu akakohoa kwa hasira, Ruksa akasogea ndani zaidi. Mama Tupoki hakuweza kuvumilia. "Ee, mzee!" alisema. "Umepata mkwe mwingine!" Kijia kizima kikaangua kicheko.

Ambakisye akakata fimbo na kuanza kuchapa. Kapu moja likainama, mpunga ukaanza kumwagika kwenye matope, mpunga wa mama. Nikapiga kelele, "Babu, hana kosa! Amefundishwa kukupisha!" Babu alinipiga kofi. Halafu akawageukia watu, akasema mwanamke yule amemfunza mnyama kumdhihaki. Mwanamke yule! Aliyekuwa amempisha njiani miaka kumi na mitatu.

Mawingu yalikuwa yameshashuka kutoka milima ya Livingstone na matone ya kwanza yalikuwa yakigonga majani ya migomba. Mpunga ukilowa hauuziki. Babu alitazama juu, akatazama kapu, akasema bila kuniangalia, "Mwite mama yako."

Shavu langu lilikuwa linawaka. Nikashusha mabega, nikapumua. "Babu," nikasema, "hawezi kuja. Wewe upo njiani."

Hakuna aliyecheka safari hii. Mvua ikaanza kumlowesha babu koti. Kisha mzee yule wa kanisa akatoka njiani. Aliingia migombani upande wa pili, buti zikazama, akatugeuzia mgongo. Mama akaja, khanga kuukuu kichwani, akaliweka kapu sawa, akagusa shingo ya Ruksa na kusema neno moja. Wakapita wote wawili, kamba imelegea, na babu akiwa amesimama kwenye matope amenyamaza. Nilimtazama vizuri ili nisisahau.

Mama aliuza mpunga wake siku ile, aliniletea maandazi, na alirudi akiigeuza shingo huku na huku kama mtu anayejaribu nguo mpya. Ilikuwa siku moja tu. Babu alikataa chakula chake wiki nzima. Baba alipokuja aliitwa, akasimama mbele ya babu mikono nyuma, akasikiliza yote, na alichojibu ni "Ndaga, tata." Asante, baba! Punda akaamriwa arudi kwa Mzee Shomari. Ambakisye alishindwa hata kumtoa uwanjani, kwa hiyo mama ndiye aliyempeleka. Nililia njia nzima. Yeye hakulia. Alirudi na ile kamba ya katani ameikunja begani, na siku ya soko iliyofuata madebe mawili yalikuwa kichwani pake.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba aliyeonewa ni punda, na mpunga, na shingo ya mama. Niliapa sitatoka njiani kwa ajili ya mtu. Nilisoma, nikapata kazi, nikaolewa na mtu wa Njombe, ambako kwao hawana habari na desturi hiyo. Baba mkwe wangu ni mwalimu mstaafu, mtu mpole, mwenye mizaha. Asubuhi ya kwanza nyumbani kwao nilikuwa nikitoka kisimani na ndoo, naye akawa anakuja kwa mbele, ana mafua. Akakohoa mara mbili.

Nilipojitambua nilikuwa ndani ya mahindi, nimempa mgongo, nimeinama. Hakuna aliyewahi kunivuta wala kunichapa ili nifanye vile. Nilikuwa nimesimama tu kando ya mama, asubuhi na jioni, kwenye kijia kile. Hasira iliyonipanda mle ndani ya mahindi ndiyo hii iliyonisimamisha dukani juzi, na asubuhi ile nilishusha mabega, nikapumua, wala haikupungua.

Nyuma yangu hatua za mzee zikasimama. "Mwanangu," akaniuliza kwa upole, "umeangusha nini?"