Gunia la Baba Mkubwa

Baba mkubwa wangu aliwahi kuugua moyo, akalazwa Nyeri, akapona. Watu wengine wakipona hushukuru na kurudi shambani. Yeye alirudi na cheo. Tangu hapo, kwetu Mukurweini hakuna aliyeruhusiwa kuumwa kifua bila yeye kuitwa. Alisimulia ugonjwa wake kwenye matanga, kwenye harusi, hata kwenye foleni ya kupeleka maziwa: gunia la kahawa lilimkalia kifuani, jasho likamtoka, maumivu yakateremka mkono wa kushoto mpaka kwenye vidole. Kila akisimulia, gunia liliongezeka uzito.

Mama yangu aliteleza kwenye migomba wakati wa mvua, akavunjika mguu chini ya goti, akafungwa plasta. Siku nzima alikuwa kitini, mguu juu ya stuli. Mama hajui kukaa. Alikuwa anawakasirikia hata kuku kwa sababu wanatembea. Baadaye akaanza kusema plasta imembana sana, mguu umevimba na unauma hadi pajani. Baba mkubwa alicheka. Plasta hubana, alisema, ndiyo kazi yake.

Asubuhi moja nilikuwa naosha ndoo ya kukamulia nikamsikia mama akiniita kwa sauti ndogo ambayo si yake. Alikuwa ameshika ubavu, anavuta pumzi fupi fupi kama mtu aliyekimbia kupanda mlima, na hali hakuwa ameinuka kitini. Nilipiga kelele. Jirani alikuja mbio, akatazama, akaenda kumwita baba mkubwa. Nani mwingine? Akafika akiwa tayari ameuandaa uso.

"Shemeji, usiseme kitu. Najua. Unasikia gunia?"

"Gunia gani? Ni kama kisu. Nikivuta pumzi, kinaingia."

"Hiyo ndiyo gunia."

"Kisu, shemeji."

"Na mkono wa kushoto?"

"Mkono uko sawa. Ni mguu."

"Wacha mguu! Mguu uko na plasta. Hii ni moyo."

Akatoa tembe zake kwenye mfuko wa shati, akamwekea mama moja chini ya ulimi, taratibu, kama padre. Kisha akatoa amri. Mama alazwe kitandani, asisogezwe, asiambiwe habari mbaya, na sisi tungoje atulie. "Moyo haitaki haraka," akasema. Yeye mwenyewe alipougua alikimbizwa hospitali kwa gari la kuazima, likipiga honi njia nzima, lakini siku hiyo hilo halikukumbukwa.

Mama alinitazama. Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Akageuza kichwa, akaitema ile tembe kwenye majivu ya jiko. Mimi huwa sina maneno mbele ya wakubwa, na siku hiyo sikuyatafuta. Nilikimbia barabarani nikasimamisha pikapu ya maziwa.

Dereva alimweka mama mbele, nami nikabanana naye kumshikilia. Baba mkubwa alipanda nyuma kati ya mikebe ya maziwa, na kila kona alikuwa anagonga kioo akituambia ni moyo.

Hospitalini daktari, mwanamke kijana, alimuuliza mama maumivu yako wapi.

"Hapa," akajibu baba mkubwa, akijigusa kifua. "Kama gunia ya kahawa."

"Mzee, wewe ndiye mgonjwa?"

"Nilikuwa."

"Basi keti hapo."

Mama alijieleza vipande vipande, kadiri pumzi ilivyomruhusu. Kisu. Pumzi. Mguu. Aliposikia mguu, daktari aliweka kalamu chini, akainama akautazama. Plasta ilikatwa. Mguu ulikuwa umevimba, una joto, umeuzidi mwenzake kwa mbali. Wakampima moyo kwa waya, wakatoa damu, wakampiga picha ya kifua kwenye mashine kubwa.

Damu ilikuwa imeganda mguuni, bonge likasafiri mpaka kwenye pafu likaziba mshipa. Ndivyo daktari alivyotuambia. Akasema pia jambo ambalo nalipenda mpaka leo: kwamba kwa nje ugonjwa huo na ule wa moyo yanaweza kufanana kabisa, kwamba hata yeye asingethubutu kuamua bila vipimo, na kwamba yote mawili ni ya kumkimbiza mtu hospitali. Aliyesomea hakuthubutu. Baba mkubwa aliamua akiwa mlangoni, hajavua kofia.

"Lakini daktari," alisema, "hata kama ni kidogo, si moyo iko ndani?"

"Haukuanzia kwa moyo, mzee."

Uso ulimwanguka kama mtu aliyekataliwa posa.

Mama alichomwa sindano za kuzuia damu isigande, akapewa tembe za kumeza kwa miezi, akarudi nyumbani. Alipoanza kutembea kwa fimbo, majirani walikuja kwetu kushukuru Mungu. Baada ya maombi, baba mkubwa akasimama bila kuombwa.

"Mimi nilipofika nikamkuta na gunia hapa kifuani, nikasema—"

"Shemeji," mama akasema, kikombe cha chai mkononi. "Gunia ni yako. Hakuna mtu anakunyang'anya. Mimi nilikuwa mgonjwa wa mguu."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Baba mkubwa akakaa, akaanza kutafuta kitu mfukoni mwa shati.

"Na kama unahesabu dawa zako," mama akaongeza, "moja iko kwa majivu."